Kupanda Juu Si Kukaa Juu

Wahenga walisema: aliye juu mngoje chini. Kwa karne nyingi hapakuwa na kitu kilichorushwa na mkono wa binadamu kilichoweza kuyakanusha maneno hayo. Jiwe, mshale, mpira wa watoto na risasi ya bunduki, vyote hupanda, vikaishiwa nguvu, kisha vikarudi ardhini. Ilipofika tarehe 4 Oktoba 1957 ndipo kitu cha kwanza kilichotengenezwa na binadamu, setilaiti Sputnik ya Muungano wa Kisovieti, kilipopanda na kukataa kushuka, kikaizunguka dunia kwa muda wa miezi mitatu.

Je, kilikaaje juu? Watu wazima wengi, hata wale waliosoma, hulijibu swali hili vibaya. Husema kwamba setilaiti ilipanda mbali sana hata mvutano wa dunia ukashindwa kuifikia. Jibu hilo si sahihi hata kidogo. Katika kimo cha kilomita 400, ambako wanaanga wa mataifa mbalimbali wamekuwa wakiishi kwa zamu tangu mwaka 2000, mvutano wa dunia bado una nguvu karibu sehemu 9 kati ya 10 za ule ulioko hapa chini. Lililo la ajabu ni kwamba siku hizi, katika nyumba yenye kompyuta, mtoto wa miaka 12 aweza kumsahihisha baba yake katika jambo hili. Tena hakufundishwa darasani, bali katika mchezo ambao huenda baba huyo amekuwa akiukemea kila jioni.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo huo huitwa Kerbal Space Program. Ulibuniwa na Felipe Falanghe alipokuwa mfanyakazi wa kampuni iitwayo Squad, katika mji wa Mexico City, kampuni ambayo kazi yake ya awali haikuwa michezo bali matangazo ya biashara. Ulitolewa kwa umma kwa mara ya kwanza mwezi Juni 2011, nao ukakamilika rasmi mwezi Aprili 2015. Ndani yake mna sayari ya kubuni iitwayo Kerbin, inayokaliwa na viumbe wafupi wa rangi ya kijani wenye vichwa vikubwa. Mashuhuri miongoni mwao ni Jebediah, Bill, Bob na Valentina. Jina hilo la mwisho humkumbusha mtu Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza kwenda anga za juu, mwezi Juni 1963.

Mchezaji hupewa karakana iliyojaa matangi ya mafuta, injini, mabawa na miavuli ya kushukia. Huviunganisha vitu hivyo apendavyo, akampakia Jebediah kileleni, akawasha moto. Hapana adui wa kupigwa wala mali ya kuporwa. Adui ni mvutano na hewa, navyo havidanganywi.

Jaribio la kwanza la karibu kila mchezaji hufanana na la mwenzake. Huijenga roketi ndefu, akaielekeza juu wima, akaiacha iende. Roketi huvuka mawingu, mbingu ya samawati hugeuka nyeusi, kimo hupita kilomita 70 ambapo hewa ya Kerbin hukoma, na mchezaji hushangilia akidhani kazi imekwisha. Kisha mafuta humalizika. Tarakimu za kasi huanza kupungua: mita 500 kwa sekunde, 300, 100, sufuri. Kwa kitambo kidogo chombo husimama kana kwamba kinafikiri. Halafu huanza kushuka kwa njia ile ile kilikopanda, na kama mchezaji alisahau mwavuli, Jebediah hurudi nyumbani kwa kishindo.

Mchezaji huijenga roketi kubwa zaidi. Hiyo nayo hupanda juu zaidi na kuanguka kutoka juu zaidi. Hapo ndipo somo huanza.

KUANGUKA BILA KUFIKA

Fumbo hili lilifumbuliwa na Mwingereza Isaac Newton zaidi ya miaka 300 iliyopita. Katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1728, baada ya kufa kwake, mna mchoro wa mlima mrefu mno ambao vitu hurushwa kutoka kileleni mwake; na tuwaze kwamba kirushacho ni mzinga. Mzinga ukipiga risasi sambamba na ardhi, risasi huanguka karibu. Baruti ikiongezwa, risasi huanguka mbali zaidi. Ikiongezwa tena na tena, itafika siku ambayo risasi, huku ikianguka, itakuta kwamba ardhi nayo inainama chini yake kwa kiasi kile kile, kwa kuwa dunia ni mviringo. Risasi hiyo itaanguka daima bila kufika chini, mpaka izunguke na kurudi nyuma ya mzinga ulioipiga.

Hesabu yake ni nyepesi. Kitu kilichoachiliwa huanguka mita 5 hivi katika sekunde ya kwanza. Uso wa dunia nao huinama mita 5 kwa kila kilomita 8 za mwendo. Basi kitu kinachokwenda kilomita 8 kwa sekunde sambamba na ardhi huanguka mita 5 huku ardhi ikimkimbia mita 5, na umbali kati yao haupungui. Kwa kuwa mvutano hupungua kidogo kadiri mtu apandavyo, setilaiti za karibu huhitaji kilomita 7.7 hivi kwa sekunde, yaani kama kilomita 28,000 kwa saa. Kerbin ni sayari ndogo yenye nusu kipenyo cha kilomita 600 tu, ilhali ya dunia ni 6,371. Kwa hiyo huko, katika kimo cha kilomita 80, kasi inayotakiwa ni mita 2,280 hivi kwa sekunde.

Sasa na ilinganishwe. Ili kufikia kimo hicho cha kilomita 80 kwa kupanda wima, kama hewa isingekuwapo, kasi ya mita 1,200 hivi kwa sekunde ingetosha. Ili kubaki huko, inatakiwa kasi iliyo karibu mara mbili ya hiyo, tena si ya kwenda juu bali ya kwenda mbele. Kufika ni sehemu ndogo ya kazi. Kubaki ndiyo kazi yenyewe.

Mambo haya si ya sayari ya kubuni peke yake. Mwaka 1961 yalitokea mbele ya macho ya ulimwengu. Tarehe 12 Aprili, Yuri Gagarin aliizunguka dunia mara moja kwa kasi ya zaidi ya kilomita 27,000 kwa saa. Tarehe 5 Mei, Mmarekani Alan Shepard alirushwa hadi kimo cha kilomita 187, ambacho ni juu kuliko sehemu ya chini kabisa ya njia aliyopita Gagarin. Walakini Shepard aliangukia baharini baada ya dakika 15, kwa sababu kasi yake haikufika hata theluthi moja ya ile ya mwenzake. Marekani ililazimika kungoja hadi tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu.

KUINAMA MASHARIKI

Mchezaji aliyelitambua jambo hili huacha kushindana na mbingu. Bado huanza wima, kwa sababu hewa iliyo karibu na ardhi ni nzito, na anayekimbia ndani yake hupoteza mafuta bure na aweza kuvunjiwa chombo. Lakini mara tu roketi inapopata mwendo wa kutosha, huilaza kidogo kidogo kuelekea mashariki. Kwa roketi nyingi, ikifika kimo cha kilomita 10 hivi huwa imelala kwa pembe ya nyuzi 45. Na hewa inapokwisha huwa karibu sambamba na ardhi. Mlazo huo haufanywi kwa pupa. Roketi iliyogeuzwa ghafula katika hewa nzito hupinduka, mkia ukawa mbele, na safari ikaishia hapo.

Kwa nini mashariki? Kwa sababu sayari yenyewe inazunguka kuelekea huko, na roketi iliyosimama kiwanjani tayari inabebwa. Katika ikweta ya Kerbin zawadi hiyo ni mita 175 kwa sekunde. Katika ikweta ya dunia ni mita 465. Anayeruka kuelekea magharibi huikataa zawadi hiyo, kisha hulazimika kuilipa.

Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wameishuhudia kanuni hii kwa macho yao. Waitaliano walijenga majukwaa ya kurushia roketi baharini karibu na Malindi, nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na bahari tupu upande wa mashariki. Kutoka jukwaa la San Marco, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Scout iliipandisha setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kwa heshima ya siku hiyo setilaiti ile iliitwa Uhuru. Ilizunguka katika kimo cha zaidi ya kilomita 500, ikimaliza mzunguko mmoja kwa dakika 96 hivi.

KILELE NA BONDE

Sasa imebaki hatua ambayo humtenga fundi na mwanagenzi. Katika mchezo kuna ramani ionyeshayo njia yote ambayo chombo kitaifuata kama injini ikizimwa saa ile. Njia hiyo ina sehemu mbili za kuangaliwa: ile iliyo juu kabisa, ambayo yafaa kuitwa kilele, na ile iliyo chini kabisa, ambayo yafaa kuitwa bonde. Mchezaji huendelea kusukuma mpaka kilele kifike kilomita 80, kisha huzima injini. Bonde wakati huo bado limo ndani ya ardhi, maana yake ni kwamba chombo, kikiachwa, kitaanguka.

Mwanagenzi akiliona hilo hutaharuki, akawasha injini papo hapo. Kilele hupanda hadi kilomita 150, 200, 300, na bonde haliinuki vya kutosha. Mafuta humalizika akiwa na kilele kirefu na hana pa kukaa.

Fundi hungoja. Huiacha roketi ipande kimya kimya, injini imezimwa, mpaka ikikaribia kilele. Hapo, chombo kikiwa kimeelekezwa mbele sambamba na ardhi, ndipo huwasha. Anafuata kanuni iliyo msingi wa safari zote za anga: msukumo unaotolewa mahali pamoja hubadilisha hasa upande wa pili wa njia. Ni kama mama anayemsukuma mtoto kwenye bembea: mkono wake husukuma huku, na mtoto huinuka kule. Anayetaka kuinua bonde lazima asukume akiwa kileleni. Anayetaka kuinua kilele husukuma akiwa bondeni.

Hata wakati wa kuwasha una hesabu yake. Ikiwa injini itahitaji sekunde 60 kumaliza kazi, haifai kungoja hadi kilele chenyewe. Huwashwa sekunde 30 kabla, ili nusu ya msukumo iwe kabla ya kilele na nusu baada yake. Katika ramani bonde huonekana likichomoza upande wa pili wa sayari, likatoka ardhini, likavuka hewa, likafika kilomita 70, 75, 79. Msukumo hupunguzwa taratibu. Vipimo viwili vikilingana, injini huzimwa. Njia iliyokuwa imeminywa kama yai sasa ni duara, na chombo kitaizunguka Kerbin kwa dakika 31 hivi kila mara, bila kutumia hata tone moja la mafuta.

Huenda mtu akauliza kama duara ni lazima. Kwa hakika njia yenye umbo la yai nayo hudumu, maadamu bonde lake liko nje ya hewa. Lakini bonde likigusa hewa, kila mzunguko hukitoza chombo sehemu ya kasi yake, hata siku moja kikashuka chote. Na wakati mwingine kilele kupita kiasi nacho ni hatari. Katika safari ya Gagarin njia ilichaguliwa iwe chini kwa makusudi, ili hata kama injini ya kumrudisha ingekataa kuwaka, hewa nyembamba ya huko imshushe yenyewe kabla akiba yake ya siku 10 haijamalizika. Siku ile injini ya roketi ilichelewa kuzimika, na kilele kikafika kilomita 327 badala ya 230 hivi zilizokusudiwa. Kwa hiyo tumaini lote likabaki kwa injini moja. Iliwaka, naye akawa ardhini baada ya dakika 108.

SAA ILIYOKOSEA

Yuko atakayesema kwamba hayo ni ya zamani, na kwamba siku hizi kompyuta hufanya kila kitu. Tarehe 20 Desemba 2019, chombo Starliner cha kampuni ya Boeing kiliruka kutoka Cape Canaveral huko Marekani kuelekea Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Ndani yake hamkuwa na binadamu bali sanamu ya mtu iliyokalishwa kitini, kwa kuwa lilikuwa jaribio. Roketi ilifanya kazi yake barabara, ikakiachia chombo katika njia ambayo kilele chake kilikuwa angani na bonde lake bado katika hewa, kama ilivyokusudiwa. Kilichobaki ni kile kile kinachombakia mchezaji wa Kerbal: kungoja karibu na kilele, karibu nusu saa baada ya kuruka, kisha kuwasha injini.

Wakati ulifika, injini isiwake. Saa ya chombo ilikuwa imekosea kwa saa 11, kwa sababu ilichukua wakati usio sahihi kutoka kwa roketi. Chombo kilidhani kimo katika hatua nyingine ya safari, kikaanza kutumia injini zake ndogo kujirekebisha bila haja, huku mafuta yakiteketea. Waongozaji waliokuwa ardhini walipata taabu kuyafikisha maagizo yao. Mwishowe walifaulu, chombo kikapandishwa katika njia salama, lakini mafuta yaliyosalia hayakutosha kukifikisha kituoni. Kilitua katika jangwa la New Mexico tarehe 22 Desemba, safari yake ikiwa haijatimia.

Nguvu zilikuwapo, na mafuta yalikuwapo. Kilichokosekana ni kusukuma kwa wakati wake.

Ndiyo maana mataifa madogo huona heri kuitumia kasi iliyokwisha kupatikana. Setilaiti ndogo ya Kenya mwaka 2018, ya Rwanda mwaka 2019 na ya Uganda mwaka 2022 zote zilipelekwa kwanza katika Kituo cha Kimataifa, zikaachiliwa kutoka huko. Kwa kuwa kituo kilikuwa tayari katika mwendo wa duara, kila mojawapo ilitoka mlangoni ikiwa na kasi yake kamili, sawa na mtoto aliyebebwa mgongoni ambaye huenda kwa mwendo wa mama yake.

MZAZI NA MCHEZO

Mchezo huu una mapungufu yake. Sayari zake ni ndogo kuliko za kweli, na chombo huvutwa na sayari moja tu kwa wakati mmoja, ilhali angani vyote huvutana. Tena mchezaji aliyekosea hurudisha safari mwanzo kwa kubonyeza kitufe, fursa ambayo wahandisi wa Starliner hawakuwa nayo. Wala si jambo jema mtoto akeshe mbele ya kompyuta hali kazi za shule zimelala mezani na ndoo za maji ni tupu.

Hata hivyo, mzazi mwenye busara asikimbilie kuuzima umeme. Kwanza na ampe mwanawe penseli na karatasi, amwambie achore sayari na njia ya chombo, kisha amwulize mambo matatu: kwa nini roketi huinama mashariki, kwa nini injini huzimwa kabla ya kilele, na kwa nini huwashwa tena pale. Mtoto akijibu kwa kubabaika, basi amekuwa akifurahia moto na kelele tu, na saa zake zipunguzwe. Akijibu sawasawa, mzazi na aketi asikilize, kwa maana yale anayoelezwa ndiyo Newton aliyoyaandika, na ndiyo yaliyotofautisha dakika 15 za Shepard na dakika 108 za Gagarin.

Wahenga hawakukosea. Aliye juu kwa kupanda tu, mngoje chini, hatakawia. Lakini aliyepanda kwa kiasi, akainama mapema, akangoja kwa utulivu hadi kilele chake, kisha akasukuma mbele kwa wakati wake, huyo asingojwe leo. Atapita tena juu ya vichwa baada ya dakika tisini na kitu.